Gari la Dizeli Linapogoma Baridini: Utatuzi wa Matatizo ya Kutumia Mafuta ya Mimea

Aliyewahi kusafiri na chupa ya mafuta ya nazi kutoka Tanga hadi Lushoto mwezi wa Julai amekwisha kuliona tatizo hili, hata kama hajawahi kufungua boneti ya gari: mafuta yaliyokuwa yakitiririka jana mchana yanakutwa asubuhi yakiwa meupe na magumu, na chupa haina budi kuanikwa juani ndipo yatoke. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi joto 24 hivi. Mafuta ya kanola, zao la ukoo mmoja na sukumawiki na haradali, ambayo ndiyo yanayotumiwa zaidi Ujerumani kuendeshea injini za dizeli, huvumilia baridi kuliko hayo kwa mbali sana. Hata hivyo, huku Bavaria, jimbo la Ujerumani, ambako nimeendesha Mercedes-Benz 250 D ya zamani kwa mafuta hayo kwa miaka kadhaa, asubuhi ya nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri si jambo la ajabu, na baridi ya namna hiyo huyashinda hata mafuta ya kanola.

Neno "mafuta" katika Kiswahili hubeba mambo mengi kwa pamoja: ya kupikia, ya kuendeshea gari, hata ya kulainishia mashine. Ili tusichanganye, hapa nitaita "dizeli" ile inayouzwa kituoni, "mafuta" yale ya mimea peke yake, na "oili" ile inayolainisha injini kwa ndani.

Hitilafu nyingi za asubuhi hutengenezwa jioni iliyotangulia, pale dereva anapozima gari. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kitu chochote, jiulize dalili imejitokeza wakati gani wa safari: kabla ya injini kuwaka, dakika chache baada ya kuwaka, baada ya kugeuza kutoka dizeli kwenda mafuta, au baada ya majuma kadhaa ya matumizi. Jibu la swali hilo huondoa nusu ya vyanzo vinavyodhaniwa kabla hujashika spana.

Ninazungumzia gari lenye matangi mawili, yaani dogo la dizeli na kubwa la mafuta. Injini huwashwa kwa dizeli; maji ya moto ya injini hupita kwenye kipasha joto na kuyapasha mafuta; yakifika nyuzi 70 au zaidi, dereva hugeuza valvu na kuendelea na safari kwa mafuta; na kabla ya kuzima hurudi kwenye dizeli ili kuisuuza pampu na nozeli, yaani vifaa vinavyopulizia dizeli au mafuta ndani ya injini. Injini inayofaa zaidi ni ya kizamani, yenye chemba ndogo ya awali ya kuchomea na pampu ya nozeli iliyopangwa kwa mstari, ambayo hulainishwa kwa oili ya injini. Pampu ndogo za mzunguko hulainishwa na kile kile zinachokisukuma, na baadhi yake hazistahimili kabisa kusukuma mafuta mazito ya baridi.

Yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo yana tiba tofauti. La kwanza ni mnato. Kwenye nyuzi 40, mnato wa mafuta ya kanola ni takriban milimita za mraba 35 kwa sekunde, wakati dizeli iko kati ya 2 na 4.5; mafuta hayo yakipashwa hadi nyuzi 80, mnato wake hushuka hadi karibu theluthi yake. Mafuta yenye mnato mkubwa hupita kila mahali, ila kwa polepole. La pili ni kuganda, pale chembe ngumu za mafuta zinapoanza kujitenga na kuyafanya yawe na ukungu. Chembe hizo hazipiti kwenye karatasi ya filta hata zikisukumwa kwa nguvu. Mafuta ya mawese huwa na chembe hizo hata katika chumba chenye joto la wastani, na ya karanga huzipata kabla ya baridi kufika sifuri. Gari linaloonyesha uvivu unaoongezeka taratibu kadiri baridi inavyozidi lina tatizo la mnato. Linalokwenda vizuri kisha likakatika ghafla kwenye mlima lina tatizo la kuganda, au la hewa, nalo la hewa tutalifikia.

Stata inazunguka lakini injini haiwaki

Anza na mambo yasiyohusiana na mafuta hata kidogo, kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Dizeli hushika moto kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na penye baridi kali joto hilo halitoshi bila hita plagi, yaani plagi za umeme zinazopasha joto chemba ya kuchomea. Zipime moja moja kwa mita ya umeme zikiwa zimechomolewa waya wake: plagi nzima huonyesha ukinzani mdogo, chini ya omu 2, na iliyoungua haipitishi umeme kabisa. Gari linalotumia dizeli tupu laweza kuwaka hata plagi moja ikiwa imekufa, lakini lile lenye mabaki ya mafuta kwenye pampu halisamehi. Betri nayo, ikifikia nyuzi 18 chini ya sifuri, hubakiwa na karibu nusu tu ya uwezo wake, na wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito. Ukisikia stata inazunguka kwa kujivuta, chaji betri kwanza na usiguse upande wa mafuta bado.

Ikiwa plagi na betri ni nzima, kumbuka gari lilizimwaje jana. Fanya hesabu hii, kwa maana sijaona madereva wengi wakiifanya. Gari linalokula lita 6 kwa saa linapokuwa barabarani hula mililita 100 kwa dakika. Ikiwa kati ya valvu na nozeli kuna filta ya nusu lita, dakika tano ndizo za chini kabisa za kuyamaliza mafuta yaliyomo. Na kwa kuwa dizeli haiyasukumi mafuta mbele yake kwa unadhifu bali huchanganyika nayo, hata hizo dakika tano huacha mchanganyiko. Wakati wa joto mchanganyiko huo hauna neno. Wakati wa baridi mimi hugeuza swichi dakika kumi kabla ya kufika nyumbani, kwenye daraja lile lile kila siku, ili mkono uzoee bila kukumbushwa. Ambaye kila upande wa mfumo wake una filta yake, na valvu yake iko karibu na pampu, dakika tatu humtosha.

Kusuuza gari likiwa limesimama uani ni kujidanganya, hasa ikiwa mafuta ya ziada yanayotoka kwenye pampu yamezungushwa kurudi pampuni badala ya tangini. Injini isiyo na mzigo hula chini ya lita moja kwa saa, hivyo ungehitaji kungoja nusu saa na zaidi ili kumaliza nusu lita ile ile. Safari ndipo mahali pa kusuuzia.

Huenda ulisuuza vizuri na bado gari limegoma. Hapo chunguza kama mafuta yameingia kwenye tangi la dizeli, jambo linalotokea pale valvu inayorudisha ziada inapochelewa kugeuka au inapovuja ndani kwa ndani. Kipimo chake ni kile tulichofanya shuleni katika somo la baiolojia tulipopima mafuta kwenye chakula: dondosha tone moja la kile kilichomo tangini kwenye karatasi nyeupe, na pembeni yake tone la dizeli safi ya kituoni, kisha uiache karatasi ndani ya nyumba kwa siku chache. Doa la dizeli litafifia kwa kiasi kikubwa; la mafuta litabaki linang'aa na kupitisha mwanga vilevile. Kama tangi limechafuka, valvu ndiyo ya kutengenezwa kabla ya kumwaga na kujaza upya, la sivyo utaifanya kazi hiyo tena mwezi ujao.

Gari likiwa limeshagoma, usiendelee kupiga stata. Mafuta mazito ya baridi huelemea pampu, na katika pampu za mzunguko shafti yaweza kukatika. Usipulizie dawa ya etha ya kuwashia, kwa sababu hita plagi ikiwa na moto etha hulipuka ndani ya silinda na huweza kuvunja pistoni. Usiwashe moto wa aina yoyote chini ya tangi. Weka filta mpya iliyojazwa dizeli, zungushia pampu na mabomba ya nozeli vitambaa vilivyolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, ngoja nusu saa, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, na uzungushe stata kwa vipindi vifupi mpaka dizeli itoke bila mapovu, ndipo ukaze. Mwenye nafasi ya kulisukuma gari hadi kwenye banda lenye joto na kuliacha humo usiku mmoja hahitaji hata nusu ya kazi hiyo.

Inawaka, inanguruma dakika tano, kisha inazima

Dalili hii huwapoteza wengi, kwa sababu huyalaumu mafuta ilhali injini bado inatumia dizeli. Nchini Ujerumani dizeli ya vituoni hubadilishwa kwa misimu: ile ya kati ya Aprili na Septemba hutakiwa kupita kwenye filta hadi nyuzi sifuri tu, na ile ya kuanzia tarehe 16 Novemba hadi mwisho wa Februari hutakiwa kupita hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwenye gari la kawaida hana haja ya kujua hilo, maana hujaza kila juma na msimu humfuata wenyewe. Lakini gari letu hula dizeli kidogo sana, kwa kuwasha na kusuuza basi. Lita 40 zilizonunuliwa Agosti zaweza kuwamo tangini hadi Desemba, na siku ya kwanza ya baridi kali nta, yaani ile sehemu ya dizeli inayoganda, hujitenga katika dizeli hiyo ya kiangazi na kuziba filta. Dizeli iliyokuwa tayari ndani ya filta na pampu hutosha kuwasha injini na kuiendesha dakika chache, kisha njaa huanza.

Tiba ni kulipeleka gari penye joto, kubadili filta na kujaza dizeli ya baridi. Dawa za kuzuia dizeli isigande zinauzwa, nazo husaidia, lakini lazima zitiwe kabla nta haijatokea. Hazina uwezo wa kuiyeyusha nta iliyokwisha kujitenga. Kwa kinga, naacha tangi la dizeli likaribie kuisha mwishoni mwa Novemba, halafu ndipo ninapojaza.

Nguvu zinaisha baada ya kugeuza kwenda mafuta

Hapa vyanzo ni vitatu, na namna ya kuvitenganisha ni kutazama kwanza kipimajoto cha maji ya injini. Sindano ikikaa kwenye 60 barabarani badala ya 80 au 90, themostati, yaani valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata joto, imekwama ikiwa wazi na rejeta inapoza injini muda wote. Katika gari la kawaida hasara yake ni abiria kusikia baridi. Katika gari la mafuta, kipasha joto hakina cha kupasha nacho. Themostati ni kifaa cha bei ndogo, nami huibadilisha kila vuli ya pili bila kungoja iharibike. Sindano ikiwa juu na mafuta bado ni ya baridi, shika mipira miwili ya maji ya kipasha joto, kwa uangalifu kwa sababu inaunguza: wa kuingia ukiwa wa moto na wa kutoka ukiwa baridi kabisa, kuna hewa imenasa kwenye njia ya maji. Chunguza pia chini ya gari. Mpira wa mafuta unaotoka tangini nyuma, usipofunikwa walau kwa mita moja mahali upepo unapopiga, huweza kuyanywesha mafuta baridi na kuyafanya mazito kiasi cha kuishinda pampu kabla hata hayajafika kwenye kipasha joto. Nimeona mpira uliofungwa vizuri kotekote isipokuwa kwenye kona moja karibu na ekseli ya nyuma, na kona hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisimamisha gari.

Chanzo cha pili ni filta iliyoziba, na hapa nina kisa changu. Asubuhi moja ya Januari, nyuzi 12 chini ya sifuri, gari lilipanda kilima cha kwanza kwa dizeli bila shida, nikageuza swichi, na kabla ya kilima cha pili likawa halivuki kilomita 50 kwa saa. Nilirudi kwenye dizeli, likapona papo hapo. Nyumbani nilifungua filta ya mafuta na kuikata kwa msumeno. Mikunjo ya karatasi ilikuwa imejaa kitu cheupe kama mafuta ya kupikia ya kopo, kizito kiasi kwamba kidole kiliacha alama yake. Niliiweka filta kwenye beseni jikoni. Baada ya saa moja sehemu kubwa ilikuwa imeyeyuka na kuwa ya manjano safi, lakini chini ya beseni kulibaki utando mweupe uliokataa kuyeyuka mpaka nilipoweka beseni juu ya maji ya moto. Huo haukuwa kanola. Mgahawa uliokuwa ukinipa mafuta yaliyotumika ulikuwa umeanza kukaangia mafuta magumu ya mawese, na pipa lao la Desemba lilikuwa na mchanganyiko wa yote mawili.

Tangu siku hiyo kila pipa hupimwa. Nachota kidogo kwenye chupa ya kioo, naiweka kwenye friza usiku kucha, na asubuhi naitazama mbele ya dirisha. Yakiwa mazito lakini yanaonyesha upande wa pili, ni ya kutumika. Yakiwa na ukungu, naliacha pipa zima nje mahali penye baridi mpaka sehemu ngumu itulie chini, kisha navuta ya juu pekee na kuyahifadhi ya chini kwa ajili ya Julai, ambao huku ni wakati wa joto. Kipimo cha pili ni cha maji, ambayo huganda na kuwa barafu ndani ya filta: pasha kikaango kikavu hadi kiwe cha moto, vaa miwani, na udondoshee kijiko kimoja cha mafuta. Yakitulia kimya ni makavu; yakichatachata na kutoa mapovu yana maji, na yanapaswa kupashwa na kuachwa yatulie upya. Kiwango cha Kijerumani cha mafuta ya kanola ya kuendeshea injini, DIN 51605, hakiruhusu maji zaidi ya asilimia 0.075, ambayo ni chini ya gramu moja katika kila kilo.

Chanzo cha tatu ni hewa, nacho ni kigumu kukiona kuliko vyote, kwa kuwa mahali panapopitisha hewa huenda pasidondoshe hata tone moja. Pampu inapovuta mafuta mazito, mvuto ndani ya mpira huwa mkubwa, na kiungo ambacho kilifunga vizuri wakati wa kiangazi sasa hufyonza hewa. Mpira wenyewe hukakamaa na kusinyaa kwa baridi huku klampu ikibaki na ukubwa wake. Funga kipande kifupi cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu na uwashe injini: mapovu machache madogo mwanzoni si kitu, lakini msururu usiokoma unamaanisha kuna kiungo kinachovuta. Kaza klampu moja baada ya nyingine kuanzia tangini ukitazama mapovu, na ukifika penye kosa utaona yakipungua mbele ya macho yako. Mipira ya kawaida isiyotengenezwa kwa ajili ya mafuta hulainika na kuoza ndani ya miaka michache, basi ukikuta inanata mkononi, ibadilishe yote.

Moshi mweupe wenye harufu ya maandazi

Kwa dakika moja baada ya kuwaka, usihangaike. Ukiendelea, kuna silinda isiyochoma vizuri: hita plagi imekufa, nozeli inadondosha badala ya kupuliza, au umegeuza kwenda mafuta mapema mno. Mimi sigeuzi kabisa katika safari isiyofika kilomita 15 wakati wa baridi. Moshi wa buluu ni habari ya oili na ringi za pistoni, nao unahitaji fundi.

Oili inaongezeka badala ya kupungua

Dalili hii haina kelele yoyote, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Injini ikiwa baridi, dizeli au mafuta ambayo hayakuungua huteleza pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Dizeli iliyoshuka hivyo hupashwa na kupotea kama mvuke. Mafuta ya mimea hayapotei, kwa sababu hayafanyi mvuke kwenye joto la oili. Hujikusanya, na yakichanganyika na joto, hewa na vyuma, hasa shaba, huanza kushikana yenyewe kwa yenyewe mpaka oili igeuke kuwa kama uji mzito. Mabadiliko hayo huja ghafla, na injini ikifikia hapo bomba la kufyonzea oili huziba na beringi husagika.

Kwa hiyo chomoa kijiti cha oili kila Jumamosi, gari likiwa tambarare na limepoa, na uandike kiwango kwenye daftari. Kikipanda hata kidogo wakati hujaongeza kitu, badilisha oili siku hiyo hiyo na utafute nozeli au plagi iliyosababisha. Hata kisipopanda, badilisha oili kwa nusu ya umbali ulioandikwa na mtengenezaji, na wakati wa baridi usiuzidishe hata kwa juma moja. Usiweke bomba la shaba popote kwenye njia ya mafuta.

Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri wenye magari mapya kujaribu. Injini ya kisasa yenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi husafisha kichujio hicho kwa kupuliza dizeli ya ziada wakati pistoni inashuka, na sehemu ya dizeli hiyo huishia kwenye oili hata gari likiwa zima. Ukitia mafuta ya mimea humo, kila usafishaji wa kichujio ni kikombe kingine kwenye oili, na gari linalotembea mjini katika baridi hujisafisha mara kwa mara.

Oili ikikutwa tayari imeanza kushikana, yaani inavutika kama utomvu kwenye kijiti, usiwashe injini ili kuipasha kabla ya kumwaga, kama tulivyozoea. Imwage ikiwa baridi hata kama itachukua mchana mzima, fungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwangua kwa mkono, safisha kichungio cha pampu ya oili kwa dizeli, weka filta mpya na oili mpya, kisha uendeshe kwa dizeli tupu kilomita 500 na uimwage tena.